Hasi, Hasira na Mbwa Aitwaye Hodi

Benchi letu limebanwa kati ya mlango wa kinyozi na geti la ghala la mbao. Mguu wake mmoja mfupi, kwa hiyo anayekaa mwisho huinama kama anayesikiliza umbeya. Mimi nashona viatu hapo pembeni na kelele sizipendi, ila zenyewe zinanipenda. Asubuhi hiyo Kamanda, mlinzi wa ghala, alikuja kukaa huku kamshika mbwa wake kwa kamba. Mbwa anaitwa Hodi, ukimwita kwa sauti, nyumba tatu zinajibu "Karibu!" Hodi hutoroka kufuata majike, akirudi masikio yamechanika. Tajiri wa ghala kachoka, kamwita daktari wa mifugo aje amhasi, ila neno la mwisho kamwachia Kamanda. Na Kamanda analinda peke yake, yeye na Hodi na filimbi. Alikuwa na hofu, wala hakuificha.

— Wakimkata akalegea, mimi nabaki na filimbi. Jamani, nimwambie daktari ndiyo au hapana?

Shemeji, muuza kahawa (shemeji wa nani, hatujawahi kujua), akamjazia kikombe.

— Kunywa kwanza. Haraka haraka haina baraka.

— Daktari yuko njiani, Shemeji!

Kinyozi, tunamwita Wembe, akatoka na kitana mkononi, kamwacha mteja kichwa nusu.

— Usithubutu! Binamu yangu alimhasi wake, sasa kazi kunenepa tu. Mwizi akija, anageukia ukutani. Akili ni nywele, Kamanda. Ukinyoa huku, kule hazioti.

— Hiyo methali haiko hivyo, nikasema.

— Kinyozi nani hapa?

Kamusi, aliyekuwa kainama kule mwisho wa benchi, akakohoa. Ni karani mstaafu, na hakuna neno linalopita mbele yake bila kupekuliwa.

— Mnabishana nini wakati neno lenyewe linajieleza? Hasi. Hasira. Kuhasi ni kutoa hasira.

— Ee! Wembe akashangaa.

— Ukishaitoa hasi, inabaki "ra".

— Ra ndiyo nini?

— Hapo ndipo penye hatari. Hakuna anayejua.

Kamanda akamkagua Hodi toka pua hadi mkia, akiitafuta ra. Hodi alikuwa anajikuna.

— Halafu kuna hesabu, Kamusi akaendelea. Ukali wa Hodi ni ngapi?

— Kumi, Kamanda akajibu.

— Akihasiwa unakuwa hasi kumi. Chini ya sifuri! Hatanyamaza tu, atawasaidia wezi kubeba mbao.

— Mungu wangu!

— Ngoja, Wembe akadakia. Hasira haifi, inahama. Inahamia kwa aliye karibu. Kikulacho ki nguoni mwako.

— Yaani Kamanda ndiye atakayebweka? nikauliza.

— Na kufuata majike, Shemeji akasema. Mkewe aambiwe mapema.

Tulicheka mpaka benchi likayumba. Kamanda hakucheka, na mimi nikaona aibu kidogo.

— Huyu nimemlea tangu hajafumbua macho, alisema. Nikimwacha hivi, iko siku mbwa wenzake watamuua huko. Nikimkata, labda namharibu. Niambieni kitu kimoja kinachoeleweka.

— Maji ukiyavulia nguo sharti uyaoge, Kamusi akamjibu.

— Mbwa hana nguo, nikasema.

— Ndiyo maana jambo ni gumu.

Hapo akatokea dada mmoja kavaa buti za mpira, sanduku mkononi. Ndiye daktari. Hodi akabweka mpaka kamba ikakaza. Yule dada akasimama palepale, akamtazama.

— Anabweka kwa hasira au kwa woga?

Sote tukamgeukia Kamanda.

— Kuna tofauti? Kamanda akauliza.

— Kubwa. Kutoroka kufuata majike, kupigana na madume wenzake, hayo mara nyingi hupungua. Kulinda kwake huenda kusibadilike sana. Lakini woga hautoki kwa kisu, na wapo wanaozidi kuogopa. Ndiyo maana nauliza. Mtu akigusa geti, Hodi anasonga mbele?

Kamanda alikizungusha kikombe.

— Anarudi nyuma. Mpaka anagusa miguu yangu.

— Na wewe?

— Mimi… na mimi huwa narudi nyuma, dada.

Hodi alikuwa ameshaingia chini ya benchi, kichwa juu ya kiatu cha Kamanda. Kamanda akainama, akamshika shingo.

— Mfanyie, alisema. Ila nikae naye mpaka mwisho. Mmoja wetu akiwa peke yake ataogopa.

— Yupi? daktari akauliza.

Wembe akakumbuka mteja wake wa kichwa nusu, akarudi ndani. Kamusi akanyoosha kikombe kwa Shemeji, Shemeji akainamisha birika, na birika halikuwa na kitu.