Hesabu ya Umri wa Mwalimu Kunigunda Ndunguru

Baba Paroko, ndugu wafiwa, majirani wa Litembo na ninyi mliopanda kutoka Mbamba Bay: wakubwa shikamooni, na sote poleni kwa msiba. Naitwa Valentino Ndunguru. Marehemu ni shangazi yangu, dada wa baba yangu mzee Xaveri. Siku nne kabla ya kufariki alimwambia binti yake Lidia, "Wasifu wangu asome Valentino." Hakusema kwa nini. Naomba mnivumilie, maana kuna mambo nitakayoyasema ambayo hayamo kwenye karatasi mliyoshika, na humo ndani kuna jambo moja nililoliandika vibaya.

Mwalimu Kunigunda alizaliwa tarehe 26 Agosti 1952 hapa hapa Litembo, mtoto wa tatu kati ya sita wa marehemu mzee Joakim Ndunguru na mama Serafina. Alikulia kwenye ngolo, yale mashimo yetu ya mraba ya miteremkoni, na alikuwa akisema alijua kuzidisha kabla hajaona ubao. Mama yake alimgawia kazi kwa safu: safu sita, kila safu mashimo manane, na usirudi nyumbani hayajatimia arobaini na nane. Siku moja alichimba arobaini na saba akaondoka, akidhani nani atahesabu. Mama alihesabu. Alirudishwa shambani na kiporo cha ugali mkononi, na hadithi hiyo aliwasimulia wanafunzi wake wote, akijicheka mwenyewe.

Alisoma shule ya msingi ya misheni kuanzia mwaka 1961, akaendelea na masomo hadi chuo cha ualimu, na alipata cheti mwaka 1973. Alianza kufundisha Januari 1974, akastaafu Agosti 2012. Miaka yote hiyo alizunguka shule za Mbinga na za mwambao wa Ziwa Nyasa, na karibu kote aliomba darasa la tatu, somo la hisabati. Mwalimu mkuu mmoja alitaka kumpandisha afundishe darasa la saba. Akamjibu, "Huko wameshaharibika, mwalimu. Niache huku nilipo, niwawahi kabla hawajaharibika." Wengi mliosimama hapa mmepita mikononi mwake, na naona kuna wanaocheka kwa sababu wanakumbuka chaki ilivyokuwa ikiruka.

Tarehe 7 Oktoba 1978 alifunga ndoa takatifu na Antoni Kapinga, fundi seremala wa Mbamba Bay. Mungu aliwajalia watoto wawili, Ildefonsi na Lidia. Mzee Antoni alitutoka mwaka 2009. Alipokuwa hai, hakuna meza iliyotoka kwenye karakana yake kabla Shangazi hajapima tena miguu yote minne, na mara nyingine ilirudi ndani. Mzee alinung'unika lakini alirekebisha.

Sasa nifike kwa Luisa.

Luisa ni binti yangu. Juni 2023 alikuwa kidato cha kwanza, nikampeleka huku kwa bibi yake wakati wa likizo kwa sababu hisabati ilikuwa imemshinda kabisa. Nilitegemea Shangazi atafungua kitabu cha sekondari. Siku ya tatu nilipokuja kuwasalimu nikamkuta mwanangu, msichana wa miaka kumi na minne, ameshika kitabu cha darasa la tatu, na mezani pana debe la mahindi na sado, lile kopo la kupimia nafaka.

Shangazi alinionyesha daftari. Hamsini na mbili toa thelathini na nane, Luisa aliandika ishirini na sita. "Nimemuuliza, umefikaje hapa?" akasema Shangazi. "Akaniambia mbili toa nane haiwezekani, basi yeye akageuza, akatoa mbili kwenye nane. Kila hesabu anafanya hivyo. Mtoto huyu si mjinga hata kidogo, Valentino. Ana kanuni yake na anaifuata vizuri, ila kanuni yenyewe ni ya uongo. Tangu akiwa mdogo watu wanamwekea mkasi wa kosa tu, hakuna aliyemuuliza amefikaje." Halafu akanigeukia. "Baba, hebu niambie. Darasa la tatu alisoma wapi?"

Ndugu zangu, sikumjibu. Nilipandisha sauti. Mbele ya Luisa na mbele ya majirani waliokuja kukoboa mahindi nilimwambia, "Shangazi, wewe umefundisha darasa la tatu maisha yako yote, ndiyo maana kila mtu unamwona wa darasa la tatu." Nikamwambia Luisa akusanye nguo zake.  Shangazi alichukua sado akaanza kurudisha mahindi kwenye debe, na tulipokuwa tunapanda bodaboda alikuwa bado anarudisha.

Nilimtafutia Luisa tuisheni kwetu Mbamba Bay. Mwisho wa mwaka hisabati alipata nane kwa mia. Kidato cha pili kina mtihani wa taifa, na anayefeli anarudia darasa. Usiku na mchana nilimwona mtoto ananyong'onyea, anasema labda akae tu nyumbani. Kiburi kilinizuia kupanda huku kuomba radhi.

Februari 2024 Shangazi alishuka mwenyewe. Nilimkuta Jumamosi amekaa karibu na chanja za usipa, dagaa wetu wa ziwani, pale ufukweni, Luisa pembeni yake na daftari. "Shikamoo, Shangazi." "Marahaba, baba. Nimekuja kununua usipa. Umepatikana leo?" "Umepatikana." Basi. Nikapita. Jumamosi baada ya Jumamosi alishuka na Hiace kwenye kona zile zote, akanunua fungu moja la usipa, akapanda tena jioni. Na ukoo mzima unajua Shangazi hali usipa, unamwasha mwili mzima tangu utoto. Majirani mliokuwa mnaletewa usipa kila Jumapili, sasa mnajua ulitoka wapi. Mimi nilijua. Nilimwacha mwanamke wa miaka sabini na mmoja ajifanye mnunuzi ili mimi nisione aibu, na sikumkaribisha hata mara moja anywe chai nyumbani kwangu.

Aprili 2024 madaktari walimkuta na ugonjwa wa moyo. Walimwambia apumzike, aache safari za mabonde. Alimkataza Lidia kuniambia. Aliendelea kushuka hadi Novemba, wiki ya mtihani.

Luisa alipata D. Ndiyo, D. Mnaoguna huko nyuma, waulizeni walioanza na nane kwa mia. Alikwenda kidato cha tatu. Alimpigia bibi yake simu, mama wa watu akapiga vigelegele vya mtu mmoja, kisha akauliza, "Na zile ulizokosa, umefikaje?"

Februari mwaka huu alilazwa. Nilikwenda kumwona na machungwa. Jibu la lile swali lake la darasa la tatu nilikuwa nalo mdomoni tangu stendi. Nikakaa, nikamenya machungwa, nikasema, "Ugua pole, Shangazi, Pasaka nitakuja tukae vizuri." Akaniambia, "Karibu, baba." Alifariki kwa amani Jumanne tarehe 11 Machi 2025, saa kumi na moja alfajiri, Lidia akiwa amemshika mkono.

Kwenye misiba yetu msemaji huomba watu wamsamehe marehemu kama aliwakosea. Leo siwezi kusema hivyo. Mwenye kosa ndiye huyu anayewasomea. Shangazi, uliniuliza Luisa alisoma wapi darasa la tatu. Hakusoma. Machi 2018 nilikuwa naendesha lori la makaa ya mawe kule mgodi wa Ngaka, nikahamisha familia, nikasema wiki ijayo nitamwandikisha shule. Nikamweka nyumbani alee mdogo wake, mama yake apate kuwapikia madereva. Ikawa mwezi, ikawa mwaka. Wewe ulipopiga simu kuuliza, nilikwambia anasoma vizuri sana. Januari nikamwingiza darasa la nne kama vile hakuna kitu. Lile shimo nililichimba mimi, ukashuka kulifukia wewe na moyo wako mgonjwa. Nisamehe, Shangazi. Luisa, nawe nisamehe, mwanangu.

Marehemu ameacha watoto wawili, Ildefonsi na Lidia, wajukuu watano, kaka mmoja, mzee Xaveri, na Luisa, ambaye kwenye karatasi nilimsahau.

La mwisho ni lile nililoliandika vibaya. Kwenye ukurasa wa kwanza mmesoma kwamba Mwalimu ameishi miaka 73, miezi 5 na siku 15. Nilihesabu mimi, na karatasi zilikuwa zimeshachapwa mjini Mbinga. Leo asubuhi Luisa alisoma, akaomba kalamu.

"Baba, nani kahesabu hii?"

"Mimi."

"Umefikaje hapa?"

Nikamweleza. Kumi na moja toa ishirini na sita haiwezekani, basi nikageuza. Tatu toa nane haiwezekani, nikageuza tena. Mwanangu wala hakucheka. Akasema taratibu, kama bibi yake, "Vunja mwezi, baba. Unaovunja ni Februari, una siku ishirini na nane. Halafu vunja mwaka." Tukakaa kwenye benchi la mzee Antoni, akanishika mkono kwenye kalamu.

Mwalimu Kunigunda Ndunguru ameishi miaka sabini na miwili, miezi sita na siku kumi na tatu. Mwenye kalamu arekebishe sasa hivi, na aliye karibu na msalaba, ambako umri uleule wenye kosa umeandikwa, aazime kalamu kwa Luisa, arekebishe na pale. Hakupenda kosa liachwe limeandikwa. Tukishamaliza, ndipo apumzike kwa amani.