Mashine ya Watu Wawili

Nje ya hoteli ya Mama Magdaline, karibu na geti la kampuni ya chai, kuna benchi ambalo halijawahi kukosa watu wala uongo. Jumapili hiyo, baada ya kanisa, alikuwepo mzee Kipkirui, anayeitwa Nyapara kwa kuwa zamani alisimamia wachumaji. Kinuthia, muuza dawa za ng'ombe, na kwa sababu hiyo tu anaitwa Daktari. Na katikati yao Kipngeno, akipuliza strungi, chai isiyo na maziwa, maana maziwa humchokoza tumbo. Kipngeno ana ugonjwa wa Crohn, unaomchoma matumbo na kumkimbiza chooni bila taarifa. Dawa zake hulipiwa na kadi ya hospitali ya kazini, na Ijumaa supavaisa alimwambia mashine ya kuchuma chai ikisimama tena kwa sababu yake, asirudi. Kazi ikienda, kadi nayo imeenda, na dawa zile hana uwezo wa kujinunulia.

— Ni hiyo mashine, alisema Nyapara. Mnaibeba watu wawili, inawatingisha tangu asubuhi. Matumbo imeachana!

— Mashine zimekuja juzi, mzee, alijibu Kipngeno. Ugonjwa ni ya kitambo.

— Basi uliacha mursik, maziwa yetu ya kibuyu.

— Wacha mursik, Daktari alimkata. Crohn ni jina ya mzungu. Mzungu alipanda hii chai, akapanda na ugonjwa chini yake. Sasa ndio inaota.

— Ikanichagua mimi pekee?

— Mgeni njoo, mwenyeji apone! Daktari alicheka.

— Usipoziba ufa utajenga ukuta, Nyapara aliongeza. Kula ugali ngumu, weri, kijana yangu, huo ufa izibike.

— Na dawa usimeze yote, alisema Daktari. Bandu bandu huisha gogo. Kata nusu, ugonjwa itaisha polepole.

Kipngeno alipuliza tena kikombe chake. Nusu alishaijaribu mwaka jana ili dawa zidumu zaidi, akaishia kulazwa.

— Lakini enzi ya kikapu, tukichuma na mkono, alisema Nyapara kwa sauti ya chini, nani angejua wewe ni mgonjwa?

Hapo Kipngeno alitabasamu. Enzi ya kikapu kila mchumaji alikuwa na mstari wake wa chai. Tumbo likimshika aliponyokea kwenye miti, na akirudi alikuta kikapu kimejaa kuliko alivyokiacha. Wanjuhi wa mstari wa jirani ametupia konzi ya majani, Chemutai naye ametupia konzi, na hakuna aliyemtajia. Aliukumbuka umande, na vicheko vikirushwa toka mstari hadi mstari, akaitamani siku moja tu ya namna ile.

— Watu walikuwa watu, alisema Daktari.

— Tulibebana, weri, alisema Nyapara. Tulibebana kabisa.

— Chamgei, wazee, sauti iliwasalimia.

Alikuwa Chepkurui, msichana aliyepangwa pamoja na Kipngeno kwenye mashine moja wiki iliyopita. Alikuja kununua mandazi, akasimama kusikiliza.

— Niulize tu. Kesho huyu akikimbia, mimi siwezi beba mashine peke yangu. Nani kati yenu atakuja kushika upande yake?

Daktari alimwita Mama Magdaline amwongezee chai.

— Zamani... alianza Nyapara, akaishia hapo.

Kipngeno alingoja. Alijua geti haliwezi kuwaruhusu, wala migongo yao, lakini alingoja hivyo hivyo, kwa kuwa aliwapenda, na kati ya watu wa zamani zile walikuwa wamebaki hao tu. Kisha tumbo likamshika, akaweka kikombe chini, akakimbia nyuma ya hoteli. Mpaka anafunga mlango wa choo, hakuwa amesikia mtu akijibu.