Siku Nilipowatoa Watu Hemani Likoni

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Asifiwe na ninyi mlioketi mbele, asifiwe na ninyi wa nyuma mliobanana na magunia ya mbata za nazi! Nimeomba nafasi nisimame, na Mwalimu Zakayo, kiongozi wetu, amenikubalia. Nimekuja kufuta ushuhuda niliowapa masika yaliyopita na kuwapa mwingine mahali pake. Wengi wenu mlikuwapo, lakini naona wageni, kwa hiyo nitaeleza tangu mwanzo.

Naitwa Yonathani. Kwetu ni Taita. Kazi yangu ni ya bandarini: nafunika mizigo kwa maturubali, na turubali likipasuka nalishona. Kabla sijaokoka, wenzangu wa genge waliniita Sirudi. Walinipa jina hilo kwa sababu neno nikishalisema mbele ya watu, hata liwe la kipumbavu namna gani, silirudishi. Niliwahi kugombana na jamaa mmoja wa hapa Likoni, nikaapa kwamba sitavuka maji naye. Basi kila nilipomkuta ndani ya feri nilishuka, nikangoja ya pili. Nilifanya hivyo miezi minane! Nikaandikwa mchelewaji kazini, nikanyeshewa, nikachekwa, na yule jamaa mwenyewe alikuwa ameshasahau tuligombania nini.

Ndugu zangu, nilipookoka niliacha pombe, nikaacha matusi, nikaacha kupigana. Lakini Sirudi sikumwacha. Niliingia naye kanisani, nikambadilisha jina, nikamwita imani.

Siku zile hatukuwa na nyumba ya kusalia. Nikakusanya maturubali yaliyotupwa, nikayaunga kwa sindano kubwa na uzi wa katani, kila jioni baada ya kazi, miezi mitatu. Mke wangu Damari alishika upande wa pili. Nguzo tulitumia za mvinje, na ile ya kati ilikuwa nene kama paja la mtu mzima. Hema lilipokamilika niliona fahari ambayo sikuiungama kwa mtu yeyote.

Kupata kiwanja hakukuwa rahisi. Ilikuwa wakati wa kampeni, na kila uwanja mzuri ulikuwa na jukwaa la mwanasiasa. Tulichopata ni uwanja mtupu hapa nyuma, wa Bi Mishi, mwenye banda hili hili tulimo leo. Alinikuta napigilia vigingi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Wapigilia nini hapo?"

"Hema la mkutano wa wiki nzima."

"Juu ya makumbi?" Akacheka mpaka akashika kiuno. "Chini hapo ni maganda ya nazi matupu. Marehemu mama alikuwa akiyafukia topeni yalainike, apate kusokota kamba. Sasa yamekauka, yatakushikia. Yakinywa maji, wallahi, hayashiki hata njiti. Si mwende mkasali bandani kwangu? Mbata zimekwenda zote, liko wazi."

"Ahsante, mama, lakini hema hili nimelishona mwenyewe."

"Naliona. Kubwa, mashallah, kama tumbo la ngamia. Haya, lishikilie!"

Alipoondoka nilikishika kigingi kimoja kwa mikono miwili, nikakivuta kwa nguvu zangu zote. Hakikusogea. Nikajiambia mama huyu hajui kazi yangu.

Mkutano ukaanza. Siku ya tatu ilinyesha mvua ya kutosha, na hema likasimama. Nilizunguka nje nikizilegeza kamba, maana kamba ya katani ikilowa hujikaza, na usipoilegeza hung'oa kigingi yenyewe. Watu waliniona, wakafurahi. Siku ya nne nikaitwa mbele nishuhudie. Maneno yangu mnayakumbuka. Nilisema, "Hema hili halitashuka mpaka mkutano uishe! Upepo wa Shetani umekuja na umerudi, lakini mimi sirudi!" Mlipiga makofi mpaka vumbi likapanda. Ndugu zangu, siku ile hakuna aliyenituma kusema vile. Bwana hakuniambia neno lolote juu ya hema. Nilijitungia mwenyewe.

Siku ya tano ilikuwa Jumamosi. Mkutano ulianza saa nane mchana, na watu walikuwa karibu mia mbili, akina mama na watoto wengi. Damari alikuja na binti yetu Neema, wa miaka minne, naye mwenyewe alikuwa na mimba ya miezi saba. Nikamchagulia mahali pazuri kuliko pote: benchi la mbele, mgongo wake ukiegemea nguzo ya kati, kwa sababu pembeni turubali lilikuwa likidondosha maji. Nilimketisha kwa mkono wangu.

Kama saa tisa upande wa kusi ulikuwa mweusi. Kunguru waliokuwa wakipiga kelele kwenye minazi walinyamaza. Kisha upepo ukaja kwa kishindo, na mvua nyuma yake ikalala kwa ubavu.

Lazima niwaeleze jambo moja la kazi yangu. Sisi hatulitazami turubali, tunazisikiliza kamba. Kamba iliyoshikwa vizuri ina sauti moja upepo ukiipiga. Kigingi kikianza kulegea, sauti ile hushuka, halafu hukatikakatika. Ukisikia hivyo bandarini, unawaondoa watu kwanza, turubali baadaye. Lakini siku ile sikuweza kusikia kitu. Mwalimu Zakayo alikuwa ameanzisha wimbo, na kadiri mvua ilivyopiga ndivyo tulivyopaza sauti. Ngoma ikaongezwa, makofi yakaongezwa. Tulitaka kuishinda dhoruba kwa kelele!

Nikatoka nje na nyundo. Upande wa upepo vigingi vitatu vilikuwa vimeinama, na maji yalikuwa yakitoa mapovu pale vilipoingia ardhini. Nikapiga cha kwanza. Kikazama chote kama kijiko ndani ya uji, na nilipovuta kamba kikatoka bila ubishi. Nikakirudisha. Nikasimama pale mvuani.

Ndugu zangu, sikilizeni hapa. Nilijua. Msiseme baadaye kwamba Yonathani hakujua. Nilijua kama ninavyojua jina langu kwamba hema lile halikai. Nikaingia ndani, nimelowa chapachapa, nyundo mkononi, na mliponiona mkapiga kelele, "Haleluya! Sirudi! Sirudi!" Mlidhani nimelikaza. Nami niliinua mkono juu, nikatabasamu.

Mungu wangu, nisamehe mkono ule!

Nikapita karibu na Damari. Akanivuta shati.

"Baba Neema, hii nguzo inanipiga mgongoni."

"Ni ngoma hiyo."

"Si ngoma. Ngoma inakwenda na wimbo, hii haiendi na kitu. Weka mkono wako hapa."

Nikapitisha mkono kati ya mgongo wake na nguzo. Ilikuwa inapanda na kushuka. Nikainama nikatazama chini, nikaona nguzo ile nene imeachana na ardhi, kiasi cha kupitisha kidole, kisha ikashuka ikapiga tope, kisha ikapanda tena. Hema lilikuwa linajiandaa kuruka, na lilikuwa limemshika mke wangu katikati. Damari alinitazama usoni. Mkono wake mmoja ulikuwa kichwani kwa Neema, mwingine tumboni.

Nikaenda jukwaani, nikamwambia Mwalimu Zakayo sikioni, "Tuwatoe watu."

Akaniambia bila kuacha kupiga makofi, "Ndugu Yonathani, jana ulitushuhudia nini?"

"Jana nilikosea."

"Ukosee mbele za Bwana? Tukikimbia sasa, hawa majirani watasema nini?"

Pale mbele alikuwapo mwenzangu mmoja wa genge, tuliyemleta kwa mara ya kwanza. Alisikia. Akapaza sauti, "Jamani, Sirudi anarudi leo!" Watu wakacheka. Mama mmoja akaninyooshea kidole, akasema, "Roho ya woga, shindwa!" Na wengine wakaitikia, "Shindwa!"

Uso ukawaka moto. Ndugu zangu, upepo wa nje haukuwa kitu. Vita ilikuwa pale, hatua nne kutoka kwenye ngoma. Nikiwa kimya, nabaki shujaa, labda kwa dakika tano. Nikisema, mimi ni mwongo mbele ya kanisa na mbele ya genge. Nilimwita Bwana moyoni, neno moja tu: Nisaidie! Sikuona nuru, sikusikia sauti. Miguu yangu ilitembea, basi. Nikaenda nikaweka kiganja juu ya ngozi ya ngoma.

Ngoma ikafa. Wimbo ukayumba, ukafa nao. Ndipo sote tukazisikia kamba. Zilikuwa zikilia kwa vipande, upande wote wa kusi, na chini ya kilio kile nguzo ikipiga tope: du... du... du. Hakuna aliyesema "shindwa" tena. Rangi ya uso wa Mwalimu Zakayo ilibadilika.

Nikapaza sauti, "Ndugu zangu, jana niliwadanganya! Hema linaanguka! Tokeni, lakini msipite mlangoni!"

Mlango ulielekea upepo. Ungefunguliwa, upepo ungeingia tumboni mwa hema na kulinyanyua sote tungali ndani. Nikachomoa kisu, nikakimbilia ukuta wa upande wa pili, nikazichana nyuzi nilizozishona, kutoka juu mpaka chini. Mama mmoja akatoka, wa pili akatoka. Mwalimu Zakayo akasimama kwenye ule mpasuko, akawa akipokea watoto na kuwapitisha nje mmoja mmoja, akiita, "Msisukumane, shikaneni mikono!" Damari alitoka miongoni mwa wa kwanza, Neema amembebesha yule mwenzangu wa genge aliyenicheka.

Huku bandani Bi Mishi alikuwa ameshafungua milango yote miwili. Sauti yake niliisikia hata katika mvua: "Ingieni, ingieni! Leo hakuna kuvua viatu! Huyo mjamzito mleteni huku kwenye joto. Wewe baba, ushakuwa mlinzi wa mlango? Sogea ndani wenzio wapite!"

Walipotoka wote, nilikagua chini ya kila benchi. Tukabaki wanaume wanne kulishusha hema. Na hapa, ndugu zangu, Sirudi akaniinukia tena. Kazi ilikuwa kulegeza kamba za upande uliotulia, kuilaza nguzo, na kuliacha turubali lianguke. Lakini kigingi kikubwa cha upande wa upepo kikatoka, nami nikaidaka kamba. Ilikuwa inateleza. Nikaizungusha kwenye kifundo cha mkono, jambo ambalo bandarini hata mgeni wa siku moja anakatazwa. Niliwaza ile miezi mitatu ya sindano. Niliwaza nitaliokoa.

"Achia!" Mwalimu Zakayo alipiga kelele. "Yonathani, achia!"

Sikuachia. Halafu sikuweza kuachia. Kamba ilijikaza, miguu yangu ikaacha ardhi. Niliona minazi, niliona tope, nikasikia mfupa. Mwalimu Zakayo alikuja mbio na panga la kupasulia nazi, akaikata kamba karibu na mkono wangu kiasi kwamba nilihisi ubaridi wa chuma. Nikaanguka. Hema likapanda lote juu ya vichwa vyetu, na nguzo ya kati ikabaki imesimama peke yake kitambo kidogo, kisha ikalala chali juu ya benchi la mbele. Benchi lilivunjika vipande viwili.

Nililitazama benchi lile. Nikapiga magoti topeni, nikalia kwa sauti, na sikuona haya.

Mkono wangu ni huu, mnauona haunyooki sawa. Mwalimu Zakayo alinifunga kwa kilemba chake, na jioni ile ile, humu bandani, aliungama mbele yenu kwamba aliogopa maneno ya majirani kuliko alivyojali watoto. Jirani mwenyewe wakati huo alikuwa akitugawia chai ya tangawizi. Turubali lilikaa juu ya minazi wiki mbili, na Bi Mishi kila akinipita alisema, "Mwanangu, ngamia wako mbona hashuki kunywa maji?" Mwezi wa saba Damari alijifungua salama mtoto wa kiume. Bwana asifiwe!

Basi leo naufuta ushuhuda wa siku ya nne. Mlioupeleka kwa wengine, wapelekeeni na huu. Bwana hakuniahidi hema. Alinipa masikio, akanipa kazi ya kunifundisha, akanipa mke wa kuniambia ukweli, akatupa jirani aliyefungua milango. Mimi ndiye niliyekuwa nikingoja muujiza mwingine, huku watu mia mbili wakiwa chini ya neno langu.

Ndugu yangu uliyekuja leo, pengine na wewe umesema neno mbele ya watu, na sasa unaona linalemea wasiosema kitu: mke, watoto, mdogo wako. Unaogopa kicheko. Mimi nilichekwa, na kicheko kile hakikunivunja mfupa hata mmoja. Njoo, mwambie Bwana, "Nimekosea." Mwamini. Anampokea mtu anayerudi.

Nilitaka tumalizie kwa wimbo, lakini natazama pale mlangoni naona wingu la vuli limefunga upande wa bahari. Wenye kuvuka feri, na wenye watoto wadogo, inukeni sasa mwende, mkafike kabla ya mvua. Bwana atangulie nanyi. Sisi wa karibu tutabaki tukiimba, na hakuna atakayewahesabu kuwa watu wa imani haba.