Mpelekeni Sisimizi

Sogezeni viti, wanangu, lakini mkae huko huko barazani, dirisha likiwa wazi hivi hivi, na asiingie mtu humu ndani bila barakoa hata akiniona nakata roho. Kufa nitakufa mwenyewe, sihitaji msaidizi. Nisikilizeni mpaka mwisho. Pumzi ninayo hii ya kuokoteza, sitaki mtu anikatize, hasa wewe kifungua mimba wangu, ambaye tangu utotoni ulikuwa unajibu kabla hujaulizwa.

Mali yangu mnaijua. Cherehani ya miguu ni ya mdogo wako, kwa sababu mkono wake mwepesi kuliko wako, na usinune. Ile ya umeme chukua wewe. Mkasi mkubwa na meza ya kukatia ni vya wote. Kitambaa cha yule bibi harusi mwalimu mrudishieni, mumwombe radhi, gauni lake sitaliwahi. Na shangazi yenu, aliyevuka barabara aliponiona nakohoa sokoni, mwambieni nimemsamehe. Nilimchukia sana, Mungu anajua, lakini chuki nayo inataka pumzi.

Sasa neno lenyewe. Sisimizi.

Mwanangu, binti yako huyo, niliyempa mwenyewe jina la Sisimizi, amekulia chini ya meza yangu, akiokota vifungo na kupiga soga na vipande vya lesi, wakati wote ule nilipokuwa nakohoa nikisema ni vumbi la vitambaa. Ilipojulikana ni kifua kikuu, tena kile kilichokaidi dawa za kawaida, mlinitengea kikombe, mkanitengea sahani, mkakichemsha kijiko changu cha plastiki mpaka kikapinda. Nikawashukuru. Na huku dirisha la chumba cha kazi limefungwa na feni imezimwa, kama siku zote, maana sisi ni washonaji wa magauni meupe, na vumbi la barabarani likigusa satini, kazi imeharibika. Tukailinda satini! Nesi alipokuja alisimama mlangoni akashika kichwa. "Mama," akasema, "ugonjwa huu haumo kwenye kijiko, umo kwenye hewa mnayovuta pamoja." Jamani, nililia siku hiyo kuliko siku nilipopewa majibu.

Wewe, mkeo na mdogo wako mkaenda kupimwa, mkaonekana wazima, namshukuru Mungu. Sisimizi hukumpeleka. Unasema anakula, anacheza, mashavu hayo, ana ugonjwa gani? Nesi alikueleza mbele yangu kwamba vijidudu vinaweza kulala kimya ndani ya mtu, asikohoe wala asikonde, na kwa mtoto mdogo vikiamka vinaenda mbio, vinaweza kupanda mpaka kwenye ubongo. Apimwe kwanza, akionekana hajaugua, daktari atasema apewe dawa gani ya kinga. Ukaitikia vizuri kabisa, ukarudi kwenye cherehani yako.

Mimi ndiye niliyekuzaa, hunidanganyi. Unaogopa wateja. Unaogopa yule mama wa duka la vipodozi akikuona kwenye foleni ya kliniki na mtoto, basi maharusi wote watapeleka vitambaa kwingine. Umewaambia watu nina pumu. Nilisikia, kuta za nyumba hii ni nyembamba. Siku ile sikukasirika. Nimekasirika leo.

Ningekuwa na miguu ningembeba mwenyewe. Nilijaribu juzi mlipotoka, nikafika kwenye kona ya kitanda, nikakaa sakafuni mpaka mkwe wangu aliporudi akaniinua. Mkwe wangu, najua hukumwambia mumeo. Unamwogopa, na mimi hapa nilipo hata kumtisha siwezi. Nimelala tu, namsikia mtoto anacheka uani, nasikiliza kicheko kama kina mkwaruzo ndani yake, moyo unanipasuka, na siwezi kitu. Siwezi, wanangu.

Nikifa, msijaze watu chumba hiki. Fungueni kila kitu, hewa ipite. Wakiuliza kilichoniua, semeni kifua kikuu, mkitaje waziwazi... Ngojeni. Ngojeni nipumue.

Mungu abariki mikono yenu. Awape usingizi mtulivu, awape kupendana hata mkigombania mkasi. Na wewe, mbishi wangu, baraka zangu unazo zote. Kichwa hicho kigumu umekitoa kwangu.

La mwisho hili. Macho yameingia ukungu, sura zenu sizioni tena, naona mwanga mtupu. Kesho asubuhi kliniki iko wazi. Atakayempeleka Sisimizi... asimame sasa, aniambie mimi hapa.

Nimesikia kiti kimesogea. Ni nani?... Ni wewe, mwanangu?

Semeni basi, mimi sioni... Jamani, kuna aliyesimama?