Mama Dirisha Akubali Kupigwa Picha

Tarehe 30 Juni mwaka huu, baada ya miaka thelathini na mitatu ya utumishi, msimamizi wa chumba cha kufulia cha hospitali yetu anastaafu. Jarida hili huweka picha ya kila mstaafu kwenye ukurasa huu. Ya kwake haikuwepo. Mimi karani wa masjala nilipekua makabati yote, nikakuta mamia ya picha alizopiga yeye, lakini hakuna hata moja ambayo yeye yumo. Zilibaki siku nne jarida liende kuchapwa, na kamera na mimi hatujawahi kuelewana.

Aliajiriwa akiwa binti wa kukunja mashuka. Akapanda hadi kwenye mashine, kisha pasi, kisha usimamizi, na tangu ashike usimamizi hakuna wodi iliyokosa shuka safi, hata wiki ile boila ilipogoma na kila kitu kikafuliwa kwa mikono kwenye mabeseni. Hayo yamo kwenye faili lake. Kisichomo ni kamera.

Ya kwanza aliinunua ya mtumba, na mwanzo wake haukuwa wa kujivunia. Ilipofunguliwa wodi ya watoto, alimpiga mganga mkuu wa wakati huo akiwa amesimama mbele ya chuma cha dripu. Picha iliposafishwa, chuma kilikuwa kimeota katikati ya utosi wa mkubwa, na chupa ikining'inia juu yake. Ilikaa kwenye ubao wa matangazo siku mbili kabla mwenyewe hajaiona. Alipomwita ofisini, wote tulijua mwenzetu amekwisha. Kumbe alitaka nakala ampelekee mkewe. Tangu siku hiyo mama huyu hapigi picha kabla ya kuchungulia kilicho nyuma ya kichwa cha mtu.

Jina la Mama Dirisha tulimpa kwa sababu ukimwomba picha anakushika mkono na kukuburuta hadi dirishani. Taa za dari hazipendi. Anasema zinamwekea kila mtu mifuko chini ya macho, na wauguzi wa zamu wanayo ya kwao inawatosha. Dirisha huligeuzii mgongo, maana ukiligeuzia mgongo uso unatoka giza tupu. Unasimama ubavu, na upande wa pili wafuaji wawili wanakushikia shuka jeupe likurudishie mwanga usoni.

Shuka hilo lina historia yake. Kwa miaka mingi mashuka ya wodi ya upasuaji yalipungua moja kila Ijumaa mchana, na muuguzi mkuu aliandika barua tatu za malalamiko. Siku moja yeye mwenyewe akahitaji picha ya kumpelekea mama mkwe. Akasimama dirishani, akageuza macho, akalitambua shuka lake kwa muhuri wa wodi. Picha ilitoka nzuri mno. Barua ya nne haikuandikwa.

Ana ujanja mwingine. Anahesabu moja, mbili, tatu, watu wanakaza shingo na kubana pumzi, na yeye hapigi. Anawashukuru, anawaambia imeshatoka. Wakianza kupumua na kutaniana, hapo ndipo anapobonyeza. Fundi wa boila, ambaye hajawahi kutabasamu mbele ya bosi yeyote, ana meno yote kwenye picha yake.

Basi Jumanne nilishuka chumba cha kufulia kumwomba anipe kamera na asimame mbele yake. Alisema ana mashuka. Kisha akasema kilemba chake hakifai. Kisha akakubali, kwa sharti kwamba aniongoze, na akaniongoza mpaka jasho likanitoka: nisogee, nichutame, niache kutetemeka. Nilipiga kumi na moja, na katika zote amesimama kama anayesubiri sindano. Nilikuwa nimeshakata tamaa mpiga pasi mgeni alipokunja shuka ndani nje. Mama Dirisha akageuka kumkemea, ikamshinda, akaangua kicheko. Nikabonyeza.

Nikampa kamera aone. Akakisogeza kile kioo cha nyuma karibu na macho, nami nikaanza kutafuta maneno ya kuomba radhi. Kisha akasema polepole kwamba huyo ni mama yake. Mama yake alifariki mwaka mmoja kabla yeye hajaajiriwa hapa, akamwachia wadogo wawili ambao hawajaanza hata shule, na hakuacha picha. Wamekua wakimuuliza dada yao mama alikuwaje, naye kila mara anaeleza na kila mara anaona maneno hayatoshi. Kicheko hicho, alisema, na shingo inavyopinda, ni mama mtupu. Aliniomba nakala mbili, moja kwa kila mdogo wake. Alilia kidogo, na mimi pia nililia.

Picha ndiyo hiyo mnayoiona hapo juu. Haikutulia sana, lakini ametaka iwe hiyo hiyo.

Mama Dirisha, asante kwa vitanda safi vya wagonjwa wetu, na asante kwa nyuso zetu. Tunakuombea mapumziko marefu yenye afya na furaha. Zile nakala mbili nimeshazichapisha, na nimeongeza ya tatu, ubaki nayo wewe.