Mama Ngoja Anaondoka, na Hakuwa Mtiifu

Ijumaa hii, tarehe thelathini, fundi mkuu wa kitengo cha turbo anastaafu baada ya miaka thelathini na mmoja katika karakana yetu. Makao makuu walituletea wasifu ulioandikwa tayari. Unasema alikuwa "mtumishi mtiifu, asiyegombana na mtu". Mimi, fundi umeme niliyefanya naye kazi meza kwa meza, na ambaye nimepewa kazi ya kuhariri jarida hili, nimekataa kuuchapisha. Huo ni wasifu wa mtu mwingine. Wa kwetu ni huu.

Wengi wanamjua kwa jina la Mama Ngoja. Alipewa na wateja wenye haraka. Mtu aliingia na pikapu yake kuukuu ya dizeli, anataka afungiwe turbo aende zake, na neno la kwanza aliloambiwa lilikuwa "ngoja". Turbo, kwa wasiojua habari za karakana, ni feni inayozungushwa na moshi wa gari lenyewe, ikaisukumia injini hewa zaidi. Gari lililokuwa likipanda mlima kwa kuguna linapanda likiimba. Lakini injini nyingi za zamani hazikuundwa kwa nguvu hizo. Kwa hiyo Mama Ngoja alipima mbano wa silinda, akakagua rejeta, akainama akasikiliza. Injini iliyochoka aliirudisha: "Hii ukiiongezea nguvu unaiua. Kaitengeneze kwanza." Wapo waliomtukana. Wapo waliorudi baadaye kumwomba radhi, naye akawatania mpaka wakajuta kurudi.

Mume wake, fundi cherehani, anasema hata yeye siku aliyokuja kumwambia anataka kumuoa aliambiwa angoje, kwa kuwa mchumba alikuwa chini ya gari na giaboksi iko kifuani. Shemeji alingoja. Anadai hajawahi kungoja kitu chenye faida kama kile.

Sasa nije kwenye lile ambalo makao makuu hawakuliandika.

Miaka michache iliyopita, meneja wa wakati ule aliagiza turbo za bei poa. Hazikuja na geji ya kumwonyesha dereva joto la moshi, na bomba la kupeleka oili lilikuwa jembamba kama mrija wa soda. Juu ya hayo, aliamuru pampu ya dizeli ifunguliwe sana, ili mteja akitoka getini ahisi gari linaruka. Dizeli ikizidi hewa, joto linapanda mpaka chuma kinayeyuka. Hilo kila fundi analijua, na meneja aliambiwa. Mama Ngoja alimwambia mbele yetu sote, "Bosi, hivi sifungi. Tafuta mwingine." Akatafutwa kibarua wa nje, kazi ikaanza.

Mmoja wa waliofungiwa alikuwa muuza maziwa. Kila alfajiri yeye na mkewe walipeleka maziwa mjini kwa barabara yenye milima mikali. Pikapu ile aliachiwa na baba yake, na ndiyo iliyoilisha nyumba nzima. Wiki haikuisha. Wakiwa katikati ya mlima na madumu yamejaa, pistoni iliyeyuka, injini ikazima, breki zikawa ngumu kama jiwe, na gari likaanza kurudi nyuma. Liligonga ukuta wa ukingo wa barabara likasimama. Mkewe alivunjika mkono.

Gari lililetwa likivutwa, na hapa ndipo damu yangu inapochemka mpaka leo. Meneja hakuuliza hali ya majeruhi. Alimwita Mama Ngoja ofisini akamwagiza ashuke akamwambie mteja kwamba alizidisha mzigo. Alimtaka yeye kwa kuwa wateja wanamwamini. Yaani imani aliyoijenga kwa jasho lake mwenyewe iazimwe siku moja, ifunike uchafu wa mtu mwingine.

Mama Ngoja alishuka. Muuza maziwa alikuwa kwenye benchi la mapokezi, maziwa yamemkaukia shatini.

"Kaka, wifi anaendeleaje?"

"Wamemfunga plasta. Mama, wanasema nilijaza sana. Ni kweli?"

"Ulibeba mzigo wako wa siku zote. Gari lako tumeliharibu sisi. Usikubali kuambiwa vingine, hata kama kesho atakayekwambia ni mimi."

Meneja alikuwa juu ya ngazi, anasikia kila neno.

Kesho yake fundi mkuu alipelekwa nyuma ya karakana kuosha vyuma kwa mafuta ya taa, mahali pasipo hata kivuli. Mikono ilimchubuka. Mama wa watu, kichwa kimejaa mvi, ameinamia karai, na aliyeponza watu barabarani anakunywa chai penye kiyoyozi. Tuliomtetea tuliambiwa geti liko wazi. Yeye ndiye aliyetuchekesha. Alisema vyuma ni wateja wazuri, havina haraka.

Muuza maziwa naye hakunyamaza. Aliwatafuta wenzake waliofungiwa turbo zile zile, mmoja mmoja, mpaka asubuhi moja pikapu zikajipanga mbele ya geti letu, nyingine zimevutwa kwa kamba, zote boneti juu. Mwenye kampuni alikuja mwenyewe, akapita gari kwa gari. Turbo zile ziliondolewa. Injini zilitengenezwa upya kwa gharama ya kampuni, na ya muuza maziwa aliishughulikia Mama Ngoja kwa mikono yake.

Na meneja? Alipandishwa cheo, akaenda makao makuu. Ndiye aliyesaini ule wasifu wa "mtiifu". Mama Ngoja alirudishwa mezani kwake kimyakimya, kama spana iliyokuwa imepotea ikaonekana. Neno pole hajaambiwa hadi leo.

Alipoulizwa anataka zawadi gani ya kuagwa, ofisi ilitarajia aseme friji. Aliomba fundi akilikataa gari, asiwepo mtu wa ofisini wa kumlazimisha wala kumwadhibu. Wakaguna, wakamrudisha kwenye friji. Akasema friji anayo. Mwishowe mwenye kampuni alikubali, akatutangazia wote uani.

Tunakushukuru, mama, kwa ufundi, kwa utani, na kwa ukali wako uliotuweka sawa. Shemeji, tunakurudishia mkeo. Jiandae, ataanza kukagua cherehani.

Leo asubuhi fundi aliyemrithi amekataa kulifungia turbo gari lake la kwanza. Mteja alipandisha sauti, na meneja wetu mpya akachungulia dirishani. Akatazama kidogo, akafunga dirisha, akaendelea na kazi zake.

Nenda ukapumzike, mama. Tunakuombea afya na miaka mingi ya raha.