Jiwe Letu Lifunguliwe Kufuli

Mheshimiwa Mkuu wa Wilaya; Mheshimiwa Diwani wetu Gasto; mashehe na wachungaji mlioketi safu moja; ndugu wageni waalikwa; wazazi wenzangu wa mtaa huu; na nyinyi watoto mliokatazwa kugusa nyasi tangu asubuhi. Mlionizidi umri, shikamooni. Namwona mmoja tu, Hanifa, binti wa duka la chumvi, kanizidi kidogo na hajaacha kunikumbusha. Waliobaki nasubiri shikamoo zenu. Marahaba. Sasa tuongee.

Nimeitwa nikate utepe kwa sababu mimi ni mkongwe wa hapa. Nashukuru. Bustani imependeza, sitasema uongo. Matofali ya pevingi njiani yamekaa sawa, miti imepakwa chokaa, choo kina maji. Mkandarasi apigiwe makofi. Sifa zangu zinaishia hapo.

Mwezi uliopita, mafundi wakiwa bado wanapaka rangi, niliingia humu na wajukuu zangu wawili, Elisha na Witness. Witness ni yule pale mwenye gauni la njano, anayechokonoa kiatu. Ni mtoto wa marehemu binti yangu Editha, aliyetuachia yeye akiwa hajaota meno. Nilimleta kwa ajili ya jiwe. Wageni mliotoka mbali, ni lile kubwa nyuma yangu, lililozungushiwa seng'enge. Lina mgongo mmoja unaong'aa kutoka juu hadi chini. Mng'ao ule hakuna fundi aliyeusugua. Ni makalio ya watoto. Watoto wa mtaa huu wameteleza pale tangu hapa hapajaitwa bustani. Bibi yangu aliteleza, na yeye alilikuta jiwe tayari laini.

Desturi yetu ni hii. Mtoto akishapata miguu ya kukimbia, bibi yake anapanda naye, anampakata, wanashuka pamoja mara ya kwanza. Kama hana bibi, shangazi. Baada ya hapo anateleza na wenzake, mkubwa anakaa nyuma ya mdogo, na siku ya mvua hapandi mtu. Hakuna aliyeandika sheria hiyo. Ukiivunja ulichapwa na mama yeyote aliyekuwa karibu, na nyumbani ukaongezewa.

Mimi shule niliishia la tatu. Familia yetu ilipohamia hapa kwa bibi mzaa mama kutoka Unyambwa nilijua Kinyaturu tu, na Kiswahili hiki mnachokisikia nilikipatia juu ya lile jiwe, kwa kusukumwa. Siku bibi aliponiruhusu kuteleza na wenzangu, niliganda kule juu nalia. Hanifa alikuwa amekaa nyuma yangu. Akasema maneno nisiyoyaelewa, akanisukuma. Jioni nikamuuliza kaka yangu yule mtoto alisema nini. Kumbe alisema, "Shuka basi, kuna watu nyuma yako." Nimeishi na maneno hayo mpaka leo, kwenye raha na kwenye misiba.

Basi turudi kwenye siku ile na wajukuu. Elisha alikimbilia kile cha bati cha kutelezea, mlichokijenga cha rangi nzuri. Saa saba mchana, jua letu la Singida mnalijua. Alikaa, akaruka ameshika kaptula. Mkandarasi usicheke, mapaja yale niliyapaka mafuta mimi. Nikawachukua hadi kwenye jiwe, nikakuta kufuli. Kijana wa ulinzi, Chediel, ana adabu, aliniamkia kwanza. Akaniambia hapo hapaguswi, ni sehemu ya kumbukumbu. Nikamuuliza kumbukumbu ya nini. Akasema hajui, bango bado halijafika.

Witness akaingiza vidole kwenye seng'enge. Njiani nilikuwa nimemwambia kwamba mama yake aliteleza pale. Akaniuliza, "Bibi, mama alipita wapi?" Nikanyoosha mkono nimwonyeshe, na hapo ndipo nikaangalia vizuri. Mng'ao umeanza kufa. Tangu mfunge eneo hili kwa ujenzi, masika mbili zimepita, na jiwe limeanza kuota yale magamba meupe yanayoota kwenye mawe ya porini, mawe yasiyo na watu.

Mimi picha ya Editha akiwa mtoto sina. Nani hapa alikuwa na kamera? Nguo zake walivaa wadogo zake, zikaishia kuwa matambara. Alichokiacha katika mji huu akiwa mdogo ni sehemu yake ya mng'ao ule. Ni ndogo, imechanganyika na ya wenzake, hata mimi mama yake siwezi kuitenga. Lakini ipo. Nyinyi mmeifungia ili muitunze, na kwa kuifungia inapotea. Sasa niambieni, kitu kilichotengenezwa kwa kukaliwa, kinatunzwaje kwa kutokaliwa?

Mheshimiwa Gasto, kwenye kamati wewe ndiye uliyesimamia seng'enge ile. Nakuheshimu. Lakini nilikuona ukiteleza pale hadi kaptula ya shule ikatoboka nyuma, ukarudi kwenu umejifunga sweta kiunoni na jua linawaka. Ulisema unaogopa mtoto ataumia. Ni kweli, wanaumia. Mtoto wa jirani yangu Scola alivunjika mkono pale, na mimi ndiye niliyembeba hadi hospitali. Sitasimama hapa niwadanganye kwamba haitatokea tena. Ila zamani hakuna mtoto aliyepanda bila mtu mzima kumwangalia. Siku hizi mnawaleta watoto bustanini wamevaa nguo zisizotakiwa kuchafuka, mnawapiga picha, halafu mnainamia simu. Mtoto wa namna hiyo ataumia hata kwenye zulia. Sisi mabibi tumeshakubaliana, tutakaa pale jioni kwa zamu. Hanifa ana fimbo.

Mheshimiwa Mkuu wa Wilaya, mkasi mmenipa, ninao. Unakata utepe, haukati seng'enge. Ufunguo anao Chediel, na Chediel anakuangalia wewe. Magoti yangu hayana misimu mingi ya kupanda. Witness anakimbia tangu mwaka jana na bado hajapakatwa, na shangazi hana. Nikishindwa mimi, atakuwa mtoto wa kwanza wa nyumba yetu kuliangalia jiwe kwa nje. Ndiyo maana leo nimevaa kitenge cha zamani chini ya hiki kipya, msidhani nimenenepa. Mwashirie tu Chediel kwa kichwa. Utepe wenu nitarudi niukate nikiwa na vumbi.

Niliyokuja nayo nimeyamaliza, na ukali wangu mmeuvumilia; asanteni kwa kunisikiliza.

Witness, vua viatu, uje.

Mheshimiwa, kuna watu nyuma yako.